Presha ya Baba Upendo Ilishuka Polepole

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na nyie mliowahi viti vya mbele, asifiwe na nyie wa mlangoni mliokwama kwenye foleni ya Buguruni, maana anawapokea wote! Mimi ni Mama Upendo. Wengi mnanijua, ni yule mama wa mapazia wa Kariakoo, Mchaga wa Machame, nisiyeishiwa maneno. Mchungaji amenipa dakika chache, na amenikazia macho kabisa, anajua nikishika kipaza sauti inakuwaje. Leo mtanivumilia. Neno hili limekaa kifuani mwangu tangu mwaka jana.

Nimesimama kushuhudia habari ya presha. Naona mnatazamana! Mnasema wenzake wanashuhudia mambo makubwa, yeye presha, ugonjwa wa kila nyumba. Subirini. Presha hiyo hiyo ilitaka kunifanya mjane, tena mchana kweupe, mbele ya wateja.

Lakini siwezi kuanza na ugonjwa. Kwanza mumjue mwanaume niliyekuwa naelekea kumpoteza. Baba Upendo nilimkuta sokoni Mchikichini, mimi nauza foronya za mitumba, yeye katandika turubai lake pembeni yangu na rundo la mapazia ya Ulaya yaliyokunjamana kama matumbo ya ng'ombe. Nikamwambia, kaka, hayo nani atanunua? Akachukua pazia moja, akalishika ncha mbili, akalipiga hewani, paa! Likafunguka lote, jua likapita katikati yake, na akina mama watatu wakasimama hapo hapo. Ndugu zangu, na mimi nilisimama. Sijakaa mpaka leo!

Siku hizo tulikuwa na chumba kimoja cha kupanga Buguruni. Asubuhi tunatembea na robota letu la mitumba, yeye kichwani, mimi na chupa ya chai ya tangawizi, na njia nzima anavuma nyimbo za kwao kanisani bila maneno, mmm, mmm. Nilikuwa nakasirika, namwambia imba au nyamaza. Leo natamani njia ile. Natamani vumbi lile na zile kelele za asubuhi, tulipokuwa hatuna kitu na miguu yetu haijui kuchoka.

Kisha Bwana akatupandisha Kariakoo. Akatupandisha polepole, hilo mlishike. Tulipata kibaraza tu kwenye nyumba moja ya zamani, zile nyumba fupi za bati zilizokuwa na milango ya mbao ya kukunja. Ndani palikuwa na duka la Mama Jayesh, Mhindi, mtu wa Kihindu, anauza nyuzi, vifungo na zipu. Mama Jayesh alitukubalia kibaraza chake kwa sababu, alisema, mume wangu anakunja vitambaa kwa heshima. Sikukuu yao ya taa ikifika anatuletea vitamu vya maziwa. Krismasi tukirudi kutoka Machame tunamletea mkungu wa ndizi na maparachichi, maana nyama hali. Jioni barabara ikipoa tunakaa wote barazani, yeye na miwani yake puani, mimi natia pindo, Baba Upendo analala chali juu ya majora ya vitambaa na kuvuma nyimbo zake. Kulikuwa na upepo Kariakoo ile, ndugu zangu. Ungeweza kuliona anga ukiwa umekaa chini.

Nyumba ile ilibomolewa. Likapandishwa ghorofa, nasi tukapewa fremu ya duka ndani, kwenye korido, Mama Jayesh mlango wa kwanza, sisi wa pili, na upande wa pili Seif, muuza mazulia. Biashara ilikua, nakiri kwa shukrani. Lakini jua hatukuliona tena, tukawa watu wa taa na feni. Mume wangu akanenepa. Akawa anakula amesimama, chipsi na chumvi ya kumwaga, supu ya asubuhi na chumvi nyingine juu yake. Msimu wa sikukuu ukikaribia halali vizuri, mteja huyu anataka mapazia ya sebuleni kabla ya Krismasi, yule ana harusi. Kila mtu korido nzima anamwita kwa jina la Wachaga wote, Mangi! Mangi! Naye anaitika kote kote.

Sasa sikilizeni mchezo wetu. Asubuhi alikuwa anapita kijana na mashine yake ya kupimia presha, wale wa pima uzito, pima presha. Korido nzima tunatoa mikono. Tukajiwekea utaratibu wa utani, kwamba mwenye presha kubwa kuliko wote ndiye anunue chai na maandazi ya korido. Na presha kubwa kwetu ilikuwa ipi? Ile namba ya juu! Ya chini kijana aliitaja, hakuna aliyeijali. Ukiuliza Kariakoo, presha yako ngapi, mtu anakujibu namba moja tu, mia na arobaini, basi, kama anavyotaja bei ya kuanzia. Nani Kariakoo anaanza kwa kutaja bei ya mwisho? Hata ukimpiga viboko hasemi! Ndivyo tulivyozoea, na presha nayo tukaitaja hivyo hivyo.

Kila siku mnunua chai alikuwa Seif. Yeye anasoma mia hamsini na tano kwa themanini. Baba Upendo anasoma mia arobaini kwa mia na kumi. Korido inacheka, Seif, toa hela, presha yako imetuzidi! Seif naye analalamika, jamani mimi mwembamba, imekuwaje namzidi Mangi mwenye tumbo? Na mume wangu anakula andazi la Seif, anamwambia, punguza hasira, shehe. Tulicheka sana asubuhi zile. Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko nacheka, kisha mwili unanisisimka, kwa maana aliyekuwa anakula andazi ndiye aliyekuwa karibu na kaburi.

Mwaka jana, kwenye joto la mwezi wa kumi na mbili, akaanza kuumwa kisogo. Anasema ni feni. Akaanza kusema taa za korido zina ukungu. Nikamwambia twende tukapime macho, akasema baada ya sikukuu. Hayo ndiyo maneno ya mfanyabiashara, mambo yote baada ya sikukuu.

Siku yenyewe tulikuwa na mteja, mama mmoja mwenye heshima zake, anataka mapazia ya madirisha ya sebule. Mume wangu akashika mkasi, akasogea mezani. Meza yetu ina ufito wa mita uliopigiliwa ukingoni, na Baba Upendo miaka yote hauangalii, anakata kwa mkono unaojua. Siku hiyo akauinamia ule ufito. Akauinamia tena. Akasogeza kitambaa, akarudisha, akaanza kukata, na mkasi ukaenda upande kama mtoto anayejifunza. Kitambaa cha gharama, ndugu zangu, kimekatwa mshazari! Mteja akasema, we baba, vipi? Naye akamjibu kwa Kichaga. Mteja ni mtu wa Tanga! Nikacheka kwanza, nikadhani utani. Kisha akanigeukia, akaniita kwa jina la mama yake, mama yake aliyelala kaburini Machame siku nyingi. Kisha akatapika juu ya jora.

Yesu wangu! Nilipiga kelele ambayo hata mimi sikuitambua.

Aliyekuja mbio wa kwanza ni Mama Jayesh, mama wa watu mwenye magoti mabovu. Akamkalisha chini, akaegemeza kichwa chake tumboni pake. Seif akamkimbilia yule kijana wa mashine. Mashine ikavuta, ikavuta, Seif akasoma, mia tisini! Na korido ikapiga yowe. Mama Jayesh peke yake akauliza, "Ya chini je? Nisomeeni ya chini!" Marehemu mume wake alikuwa na ugonjwa huo, na daktari wao kila mara alikuwa anauliza zote mbili. Seif akasoma, mia na thelathini. Mama Jayesh akanitazama. Akaanza kufunga duka lake, katikati ya msimu, saa ya wateja, akasema, "Gari langu lipo nyuma. Mbebeni."

Sitasahau Seif na wapagazi wawili wakimbeba mume wangu kwenye zulia jipya ambalo Seif alikuwa hajaliuza.

Hospitali walimpokea haraka, Mungu awabariki. Wakampiga picha ya kichwa. Daktari akatuambia mshipa haujapasuka, tumshukuru Mungu kwa hilo, lakini damu inausukuma ubongo kwa nguvu mno na ubongo umeanza kuvimba, ndiyo maana haoni vizuri na anachanganya maneno. Akasema wazi kwamba saa hizi ni za hatari. Binti yule daktari ni rika la Upendo wangu, kaniamkia shikamoo mama, nami nikaitikia marahaba.

Wakamfunga mashine inayojipima yenyewe, na kioo chenye namba juu ya kitanda. Nikakaa nakitazama. Mia tisini, mia thelathini, na pembeni namba ya tatu, kwenye mabano, mia hamsini. Kila mashine ikijipima, namba zinakuja tatu. Nikajiuliza, hii ya tatu ya nani? Nikapiga hesabu yangu ya dukani. Mia tisini na mia thelathini, katikati yake ni mia sitini. Mbona wameandika mia hamsini? Msinicheke! Mume wangu kalala hoi, na mimi nikamwambia daktari, mwanangu, hapo mmenipunja kumi.

Akacheka kidogo, kisha akavuta kiti akakaa. Ndugu zangu, nawaambia alichonieleza kwa maana nataka mwondoke nacho. Akasema, "Mama, hiyo ni wastani wa presha. Ndiyo nguvu ambayo damu inasukuma nayo mishipa muda wote, moyo ukipiga na moyo ukipumzika. Ubongo, figo, moyo wenyewe, vyote vinalishwa kwa nguvu hiyo." Nikamuuliza kwa nini haipo katikati. Akasema kwa sababu moyo hausukumi muda wote. Unapiga kidogo, halafu unapumzika kitambo kirefu zaidi. Namba ya juu ni ya ule muda mfupi wa kupiga. Ya chini ni ya ule muda mrefu wa kupumzika. Kwa hiyo wastani unakaa karibu na ya chini.

Akanifundisha na hesabu yake. Chukua tofauti ya juu na chini, igawe mafungu matatu, fungu moja liongeze kwenye ya chini. Mtu mwenye mia ishirini kwa themanini, tofauti ni arobaini, fungu moja kama kumi na tatu, wastani wake ni tisini na tatu. Hapo ni pazuri. Akasema kwa watu wengi wazima ikae kati ya sabini na mia hivi. Ikishuka chini ya sitini, viungo vinaanza kufa njaa, havipati damu. Ikizidi mia na kukaa huko siku zote, mishipa inachakaa taratibu, figo, macho, moyo, ubongo, na mwenye mwili hasikii kitu.

Nikaelewa! Mimi ni mtu wa Kariakoo, hilo nitakosaje kulielewa? Bei ya kuanzia ni ya kelele, inatajwa mara moja inapita, na biashara yenyewe inafungwa karibu na bei ya mwisho. Hapo hapo nikaanza kupiga hesabu ya ule mchezo wetu. Seif, mia hamsini na tano kwa themanini, wastani mia na tano. Baba Upendo wangu, mia arobaini kwa mia na kumi, wastani mia na ishirini. Kila siku ya Mungu! Alikuwa anakula andazi la mtu aliyemzidi afya. Nikamwambia daktari, akasikitika, akasema hata huyo Seif aje, mia hamsini na tano si ya kuchekea, kila namba ina neno lake. Nikaweka uso wangu kwenye shuka la mume wangu nikalia.

Nikamwambia, basi mshushe! Mshushe leo, sasa hivi, nipe mume wangu. Binti yule akanishika mkono. Akasema, mama, tukiishusha kwa haraka tunaweza kumuua. Ubongo wake umezoea nguvu kubwa siku nyingi. Akaniuliza, kwenye ghorofa lenu maji yanafika juu? Nikasema yanafika kwa pampu. Akasema, sasa pampu ikipunguzwa ghafla, nani anakosa maji kwanza? Nikasema wa juu. Akasema ubongo ndio wa juu. Kwa hiyo kwanza wanaishusha ile ya kwenye mabano kidogo tu, isizidi robo yake, kwa dawa ya mshipa, wakiitazama. Halafu wanasubiri. Halafu kidogo tena.

Kusubiri! Hakuna neno gumu kwa mtu wa Kariakoo kama hilo.

Akaingia wifi yangu, Eliaika. Yupo pale, kiti cha tatu, mwenye kitambaa cha kijani. Wifi, usiniangalie hivyo, nakupenda, na yote haya nimekuomba ruhusa. Wifi ndiye kiongozi wetu wa akina mama wa maombi, mnamjua, akiomba madirisha yanatetemeka. Kaja na wenzake, na kwenye mkoba kaja na chupa ya majani ya kuchemsha na vidonge vyake mwenyewe vya presha. Akaninong'oneza, "Wifi, hawa wanachelewesha. Mpe hivi viwili na majani haya, inashuka dakika hiyo hiyo. Mimi mwenyewe vimeniponya." Ni upendo tu, ndugu zangu. Ni kaka yake, tumbo moja. Tena wauguzi walikuwa wametoka kidogo.

Niliishika ile chupa, nikafungua kifuniko. Ilikuwa ya moto bado. Namtazama mume wangu, mdomo umemkauka, macho nusu wazi, haniitiki. Namtazama wifi. Na yeye machozi yanamtiririka, anasema, "Kwani huna imani?"

Neno hilo liliniingia kama sindano ya robota. Nikajiuliza kweli, je, sina imani? Wanaoamini si ndio wanaopokea papo hapo? Na hapo, ndugu zangu, Roho akanirudisha nyuma. Niliona Mchikichini. Niliona turubai letu, mvua imelinyeshea, tunakamua pazia moja moja kwa mikono. Niliona chumba chetu cha Buguruni, na jinsi nilivyolia mwezi baada ya mwezi nikitaka mtoto, watu wakituombea mpaka wakachoka, na Baba Upendo akiniambia, usilie mke wangu, anakuja kwa miguu. Upendo alikuja. Alichelewa, ila alikuja. Kibaraza kilikuja, fremu ikaja, kijumba chetu kilikuja tofali kwa tofali, mwaka huu msingi, mwaka kesho kuta, bati tulisubiri mpaka panya wakahamia kabla yetu! Nikajiuliza, ni lini Mungu alinipa mimi kitu kwa ghafla? Hata siku moja! Na ni lini aliniacha? Hata siku moja!

Nikaifunga ile chupa. Nikairudisha kwenye mkoba wa wifi pamoja na vidonge, nikambusu mkono, nikamwambia tuombe.

Akina mama wakamzunguka. Mama Jayesh alikuwa mlangoni na viatu kavua, sijui kwa nini alivua, nikamvuta ndani akasimama karibu nami. Wifi akaanza. "Presha! Kwa jina la Yesu, ishuke! Ishuke sasa hivi! Sasa hivi!" Na wote, ishuke sasa! Na mimi nikafumbua macho nikapaza sauti kuliko wote, "Jamani, msiseme sasa! Semeni polepole! Bwana, polepole!"

Mmoja akanitazama kama nimepagawa. Nikasema, "Bwana, wewe unajua ile ya kwenye mabano. Ishushe kidogo, Bwana, halafu usubiri, halafu kidogo. Wa juu asikose maji." Wifi akaguna. Kisha, ahsante wifi yangu, nikamsikia sauti imebadilika, imelegea, "Polepole, Bwana. Ni kaka yangu huyu. Polepole." Wakaanza wote, polepole, polepole, kama watu wanaobembeleza mtoto. Na Mama Jayesh naye akaomba chini chini kwa lugha yake. Machozi yake yalikuwa mengi kama yangu. Muuguzi akarudi akatukuta hivyo, akatuambia tupunguze sauti, lakini hakutufukuza.

Ndugu zangu, mashine ikajipima. Mia arobaini na nane kwenye mabano. Mbili tu! Zamani ningelia kwa uchache wake. Nikasema, haleluya, mbili! Ikajipima tena, mia arobaini na tano. Jioni ilikuwa mia na ishirini na mbili, na daktari akasema hapo hapo tukae, tusishuke zaidi leo. Nikakubali kukaa! Kesho yake ikateremka kwenye mia na kumi na kitu. Na asubuhi moja nilikuwa namfuta uso kwa kitambaa, akashika ncha ya kile kitambaa, akakipapasa kwa vidole viwili kama anavyopapasa siku zote, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Hiki si pamba, Mama Upendo. Wamekudanganya."

Haleluya! Nilikimbia wodi nzima! Nilimkumbatia mfagizi, nilimkumbatia mgonjwa wa kitanda cha jirani, nilimpigia simu Seif, na Seif akaiweka simu kwenye sauti kubwa korido yote isikie, na akina dada wa maduka ya juu wakapiga vigelegele kwenye ngazi. Krismasi ile hatukwenda Machame. Tulikula ndizi na maharage yasiyo na chumvi, nyumbani, na Mama Jayesh alikuja na mkungu yeye, kaununua Kariakoo, anasema mwaka huu zamu yake.

Sasa niseme ukweli wote, ushuhuda si wa kupamba. Hajapona kama alivyokuwa. Jicho la kushoto limebaki na ukungu. Mkasi ameacha, sasa nakata mimi, na nakata vibaya, wateja wanavumilia. Yule mwanaume wa kupiga pazia hewani likafunguka lote, huyo nimebaki naye kwenye kumbukumbu tu, na siku nyingine nikiwa peke yangu dukani namlilia. Lakini yupo! Anatembea nami asubuhi kabla jua halijakuwa kali. Chumvi mezani tumeitoa. Dawa anakunywa kila siku, akijisikia vizuri anakunywa, akijisikia vibaya anakunywa, kwa sababu daktari alituambia presha haibishi hodi. Kliniki wanasoma kwenye mia thelathini kwa themanini na tano, na mimi nagawa mafungu matatu kichwani nikiwa bado nimekaa kwenye benchi, nasema, mia! Ahsante Bwana! Na daktari anasema, mama, bado tunateremka.

Ndugu zangu, nawasihi. Kuna mtu hapa amekaa anasema mimi sina tatizo, kichwa hakiniumi. Pima! Na ukipimwa usiondoke na namba moja, uliza na ya chini, na ukiona hata moja imepanda nenda kwa daktari, usiende kwa mkoba wa wifi. Nisamehe, wifi! Na kuna mwingine hapa anaomba kitu miaka mingi, anaona Mungu amenyamaza. Mimi nimesimama mbele yako kama shahidi. Mwamini. Usimwekee saa. Kama anakupa mbili, chukua mbili, mshukuru kwa hizo mbili, na umkabidhi zilizobaki. Anayetaka kumwamini leo, njoo mbele, Mchungaji yupo, akina mama wapo, tutashikana mikono.

Nilikuwa na mengine ya kusema. Ila namwona mwenyewe pale nyuma karibu na nguzo, kasimama, ananionyesha mkono wenye saa. Ni muda wa dawa, na chupa ya maji ninayo mimi kwenye mkoba.

Mchungaji, niwie radhi. Nakuja, Baba Upendo. Usimeze kavu, nakuja.